Theluji ya Tibet, Asili Yake Wapi?

Wataalamu wa hali ya hewa wana kifungu wanachokipenda, nacho ukikitia katika Kiswahili cha haraka kinakuwa hivi: mvua za majira ya baridi na vyanzo vya unyevu juu ya uwanda wa Tibet. Kinasomeka bila kigugumizi. Shida yake ni kwamba karibu kila neno lililomo linadanganya kidogo. Mvua hiyo si mvua, ni theluji. Unyevu huo haulowanishi kitu. Vyanzo hivyo si vyanzo kwa maana tuliyoizoea ya mito na chemchemi. Na hayo majira ya baridi, kama mfasiri ana haraka zaidi, yatageuzwa kuwa kipupwe, na hapo msomaji wa Mombasa atakuwa amepelekwa mwezi wa Julai ilhali mwandishi anazungumzia Januari.

Neno uwanda peke yake sina ugomvi nalo. Mtu aliyewahi kusikia Nyanda za Juu Kusini anajua kwamba uwanda unaweza kuwa juu ya milima na bado ukaitwa uwanda. Tofauti ni ya vipimo tu: uwanda wa Tibet una takriban kilomita za mraba milioni 2.5 na wastani wa kimo chake unapita mita 4,000, yaani Tanzania nzima ni Kilimanjaro na Meru tu inayoweza kuuangalia kwa kujiamini. Pamir, milima iliyoko upande wake wa magharibi, Waajemi waliiita Bam-i-Dunya, paa la dunia. Neno la mwisho hapo halihitaji mkalimani.

Tuanze na mvua. Mji wa Lhasa, ulio kwenye kimo cha mita 3,650 hivi, hupata maji zaidi ya milimita 400 kwa mwaka, na karibu yote hushuka kati ya Mei na Septemba. Desemba hadi Februari huambulia milimita chache tu. Lakini ukienda magharibi, hadi Karakoram na Pamir, hesabu inapinduka: huko sehemu kubwa ya maji ya mwaka hushuka katika miezi ya baridi na mwanzoni mwa majira yafuatayo, na hushuka yakiwa theluji. Mabondeni hutaamini. Gilgit, upande wa Pakistani, hupata takriban milimita 130 kwa mwaka mzima, ni jangwa. Ukipanda juu ya mita 5,000 theluji inayorundikana humo ni ya kina kirefu, na ndiyo inayolisha barafuto ambazo hatimaye hunywesha mto Indus.

Sasa, neno moja la kujumlisha mvua, theluji, mawe na manyunyu liko wapi? Wachina, ambao vituo vyao vya upimaji vimetapakaa Tibet, husema jiangshui, maji yashukayo, na mambo yamekwisha. Sisi hutumia mvua. Wapo wanaoona huo ni umaskini. Mimi nina shaka. Kiswahili kina mvua ya mawe, na hakuna mkulima wa Njombe anayedhani kwamba mvua ya mawe ni maji. Maana yake ni kwamba zamani za kale wenye lugha walikwishakubali kuwa mvua si lazima iwe majimaji. Mvua ni kile kinachoshuka kutoka angani kwa wingi. Kwa mantiki hiyo mvua ya theluji ni Kiswahili safi, na anayekicheka hajawahi kukifikiria.

Ila mantiki hiyo huishia kwenye chombo cha kupimia. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba, hilo ni wazi. Theluji ya sentimita 10 si milimita 100 za mvua. Ikiyeyushwa inaweza kutoa milimita 10, na kama ni ile kavu ya baridi kali, nyepesi kama sufi, inaweza kutoa nusu ya hapo. Kwa hiyo mtaalamu akiandika kwamba mahali fulani pameshuka milimita 5 katika siku ya Januari, hajapima theluji; amepima maji ambayo yangekuwapo kama theluji ingeyeyuka. Kwenye majedwali ya namna hii ningeandika maji ya angani, nikaacha mvua na theluji zibaki na kazi zao za kawaida. Na hata hayo maji ya angani huhesabiwa pungufu: upepo wa uwandani huipeperusha theluji pembeni ya mdomo wa kipimamvua, na kiasi kinachopotea hivyo chaweza kufikia nusu au zaidi ya kilichoshuka. Theluji nyingine inapaa tena bila kuyeyuka kamwe, kutoka ugumu moja kwa moja hadi mvuke, kwa jua kali la milimani na hewa kavu. Barafu ya Kibo nayo hupotea kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo jambo lenyewe si geni kwetu, ni istilahi yake tu ndiyo haijapata mwenyewe.

Theluji ni Kiarabu, thalj. Barafu imetokana na Kiajemi, barf. Kinachofurahisha ni kwamba kwa Waajemi barf ni theluji, ile inayoanguka, na kwa Waarabu wengi thalj hubeba mambo mawili, theluji na barafu. Waswahili wa pwani, ambao hawakuwa na theluji wala barafu uani kwao, walichukua maneno mawili yaliyokuwa yanagongana na kuyagawia kazi: hii iangukayo, ile iliyoganda. Si kila lugha yenye baridi ya kweli inayoutenga mpaka huo kwa usafi kiasi hiki. Watibeti wana mgawanyo wao, na si sawa na wetu. Kha ba ni theluji inayoshuka. Gangs ni theluji iliyokwisha kukaa mlimani, na barafuto pia. Mlima Kailash wanauita Gang Rinpoche, na nchi yao wenyewe huiita kwa jina la gangs. Kwao mstari haupiti kati ya laini na gumu. Unapita kati ya kinachokuja na kilichobaki. Kwa mtu anayeishi kwa maji ya milima, huo ndio mstari wenye maana.

Johannes Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, mwongozaji wake hakuwa na jina la ule weupe uliokuwa kileleni. Aliuita baridi tu. Wanajiografia wa London walibishana kwa miaka kama theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta. Naona yule mwongozaji alikuwa mbele yao. Hakulijua jina la kitu, lakini alijua tabia yake, na ndiyo istilahi bora uwezayo kuipata kwa siku moja.

Kuhusu majira. Kipupwe cha pwani ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, baada ya masika, kusi likivuma. Ni baridi ya kuvaa shuka alfajiri. Desemba hadi Februari pwani ni kaskazi na jua kali. Kuiita Januari ya Tibet kipupwe ni kuhamisha neno kutoka mahali pake bila kulilipa nauli. Wanaotetea husema kwamba kipupwe ni majira ya baridi, basi baridi popote ni kipupwe. Lakini majira yetu hayakupewa majina kwa vipimo vya joto. Masika, vuli, kusi, kaskazi na demani yote ni majina ya mvua na pepo, na kila moja lina mwezi wake na bahari yake. Majira ya baridi yanatosha, yakifuatwa na miezi.

Na hapo Kashmiri, ukingoni mwa milima hiyo, kuna hesabu ambayo Mswahili wa zamani angeielewa upesi. Siku 40 kuanzia tarehe 21 Desemba huitwa Chillai Kalan, siku 20 zinazofuata ni Chillai Khurd, na 10 za mwisho ni Chillai Bachha: kubwa, ndogo, na mtoto. Chillai inatokana na arubaini ya Kiajemi. Mabaharia wetu nao walihesabu mwaka wa jua kwa miongo, kumi kumi, kuanzia Nairuzi, ambayo ni Nowruz ya hao hao Waajemi. Mkashmiri husubiri theluji ya Chillai Kalan kwa hamu, kwa sababu inayoshuka wakati huo huganda ikakaa, na huja kuyeyuka polepole mashamba yanapotaka maji. Inayochelewa hadi Machi huyeyuka upesi, haina subira.

Nani anaileta? Hapa nataka kusimama, maana ndipo Kiswahili kina hisa kubwa kuliko tunavyodhani.

Miezi ya kiangazi cha Asia, maji ya Tibet ya kusini yanaletwa na upepo ambao sisi huuita kusi. Unavuka ikweta karibu na pwani ya Kenya na Somalia, unapinda kulia, unavuka Bahari ya Uarabuni na kuipiga India. Mwaka 1969 mtaalamu John Findlater alichapisha maelezo ya mkondo huo wa hewa upitao kwa kasi, chini chini, mashariki mwa Kenya. Vitabu vinauita monsuni. Neno la Kiarabu mawsim, wakati maalumu wa mwaka, liliingia Kiswahili likawa msimu. Wareno nao walilichukua likawa monção, likazunguka Ulaya, na sasa linaturudia mlangoni likijifanya mgeni. Pepo za msimu inatosha, tena ina ukoo.

Kaskazi inapoanza, njia hiyo hufungwa. Upepo umegeuka, hewa inatoka bara la Asia kuja baharini, wala haipeleki maji kule. Basi theluji ya Januari haiwezi kuwa ya msimu. Inakuja kwa mlango mwingine, kutoka magharibi, kwenye mkondo mkali wa hewa upitao kilomita kumi na zaidi juu ya ardhi. Katika majira ya baridi mkondo huo hushuka kusini hadi kwenye ukingo wa Himalaya, na uwanda wenyewe huugawa, tawi moja likapita kaskazini na jingine kusini. Ndani yake husafiri mawimbi, mara kadhaa kwa mwezi, na kila wimbi lenye nguvu ya kutosha na maji ya kutosha linapoupanda mlima humwaga theluji.

Mawimbi haya India huitwa, kwa Kihindi, pashchimi vikshobh. Mfasiri akipitia Kiingereza atayaita usumbufu wa magharibi, na atakuwa amemtukana mkulima. Usumbufu ni mtu anayegonga mlango usiku. Mawimbi haya ndiyo yanayoleta mahawat, mvua haba ya baridi inayoiokoa ngano ya kaskazini mwa India, na ndiyo yanayojaza theluji vilele vya Karakoram. Dhoruba nalo ni neno kubwa mno, kwa kuwa mengi hupita na mawingu tu. Mimi ningesema misukosuko ya magharibi. Msukosuko ni neno la chombo na bahari, lina mwendo ndani yake, lina kuja na kupita, na hewa kwa kweli ni kiowevu kinachosukwasukwa. Kama wanasiasa wamelitumia hadi likachakaa, hilo ni lao.

Tukiwa Karakoram: barafuto nyingi za Himalaya zinanywea, ila za Karakoram, kwa miongo kadhaa, zilionekana kusimama palepale na baadhi hata kuongezeka. Mwaka 2005 Kenneth Hewitt aliipa hali hiyo jina ambalo kwa Kiswahili ningeliita ukaidi wa Karakoram. Miongoni mwa maelezo yanayotolewa ni hili hili la theluji ya baridi kutoka magharibi. Barafuto inayolishwa Januari haifanani na inayolishwa Julai, kwa sababu ya Julai hula na kuyeyuka kwa wakati mmoja.

Unyevu sasa. Kwa Kiswahili cha kila siku unyevu unashikika: ukuta una unyevu, udongo una unyevu, nguo haijakauka. Hewa ya Tibet mwezi Januari inapasua midomo. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba inaweza kubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita ya ujazo. Ya nyuzi 20 chini ya sifuri inabeba kama gramu moja. Hiyo gramu moja ndiyo unyevu wa makala za kitaalamu. Neno sahihi ni mvuke, ila nalo lina kasoro yake, kwa sababu mvuke wetu ni ule mweupe wa juu ya sufuria, ambao kwa kweli ni matone madogo, si mvuke. Mvuke wenyewe hauonekani. Hata hivyo naona ni afadhali kumfundisha msomaji kwamba mvuke hauonekani kuliko kumwacha akidhani kuna hewa mbichi inayoelea juu ya Lhasa.

Limebaki neno chanzo, nalo ndilo lililonisukuma kuandika yote haya. Mvuke hukaa hewani wastani wa siku nane hadi kumi, kisha hushuka. Misukosuko ya magharibi hupita Mediterania, ikapita karibu na Bahari Nyeusi na Kaspi, Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Uarabuni, na kila mahali huchota. Tuseme tone limepaa kutoka Kaspi, likanyesha Iran, likakaa kwenye udongo siku tatu, likapaa tena, likawa theluji Pamir. Chanzo chake ni Kaspi au ni Iran? Mbinu nyingi zinazofuata njia ya hewa kwa kurudi nyuma zitajibu Iran, kwa sababu ndipo maji yalipopaa mara ya mwisho. Kemia ya maji yenyewe huweza kujibu vingine.

Kemia hiyo ni hivi. Baadhi ya molekuli za maji ni nzito kidogo, zina oksijeni-18 au deuteri, na mawingu yanapodondosha njiani huanza na hizo nzito. Mwaka 1961 Harmon Craig alionyesha kwamba katika maji ya angani ya duniani kote uzito wa aina hizo mbili hufuatana kwa mstari ulionyooka, wenye ziada ya deuteri ya 10. Maji ya Mediterania ya mashariki katika majira ya baridi huutoka mstari huo yakafikia ziada ya 22 hivi, maana hewa kavu ya bara hupita juu ya bahari vuguvugu na kuyanyanyua maji kwa pupa. Alama hiyo hubaki ndani ya tone kama kovu, na ndiyo sababu ziada kubwa katika theluji ya milima ya magharibi huwafanya wataalamu watazame upande wa Mediterania.

Kiswahili kina maswali mawili tofauti hapa. Mtu huulizwa anatoka wapi, akajibu Mwanza. Akiulizwa asili yake wapi, anajibu Ujiji. Hakuna jibu la uongo kati ya hayo. Theluji nayo inatoka Iran na asili yake ni Kaspi. Makala nyingi za kitaalamu hutumia neno moja kwa maswali yote mawili, na msomaji hubaki akilinganisha majedwali yasiyolingana.

Kuna mfano ambao asili haina utata. Tarehe 12 Oktoba 2014 kimbunga Hudhud kilitua Visakhapatnam, mashariki mwa India, kikiwa na mvua na upepo wa kitropiki kama kimbunga chochote. Siku mbili baadaye mabaki yake yalifika Nepal, yakakutana na wimbi la magharibi, na maji ya Ghuba ya Bengal yakawaangukia wapandaji wa Annapurna yakiwa theluji. Watu wasiopungua 43 walikufa. Kimbunga kilichobadilika kuwa theluji hakina jina katika lugha yoyote ninayoisoma.

Na kuna mfano wa kinyume, ambapo kutoka na asili ni jirani wa mlango kwa mlango. Ziwa Nam Co, lililo kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,700, huchelewa kuganda. Vuli hadi mwanzo wa baridi maji yake bado yana joto kuliko hewa inayopita juu yake. Upepo wa magharibi huyachota, na theluji hushuka upande wa pili wa ziwa. Likishaganda, bomba hufungwa. Wafugaji wa Nagqu, si mbali na hapo, walipigwa na theluji mbaya katika majira ya baridi ya 1997 hadi 1998, yaki na kondoo wakashindwa kuyafikia majani. Wachina huiita hali hiyo janga jeupe. Wamongolia wana neno zud, na wanalo jeupe na jeusi: jeupe ni theluji iliyozidi, jeusi ni theluji iliyokosekana hadi mifugo ikafa kiu.

Ninachowaomba wahariri wa vitabu vya jiografia na wenzangu tunaotafsiri ni kidogo: tuziache asili na chanzo ziwe istilahi mbili. Asili iwe bahari. Chanzo kiwe mahali maji yalipopaa mara ya mwisho. Na jedwali lolote lisilosema linataja lipi lirudishwe kwa mwandishi.